Dohani Ukutani: picha za Lubumbashi na mshahara uliozimika

Chukua mfuko wa unga wa pamba, ule wa zamani, kabla mifuko ya plastiki haijaenea. Fumua mshono, ufue mpaka maandishi ya kinu yafifie, uanike, kisha uutandaze kwenye fremu ya mbao na kuupigilia misumari midogo pembeni. Kitambaa chake kimefumwa kwa nafasi, kwa hiyo ukikipaka rangi moja kwa moja kitainywa yote na kuitoa upande wa pili. Lazima kwanza kipate tabaka la chini, rangi nyeupe ya ukutani iliyozimuliwa kwa maji, mara mbili, ya pili baada ya ya kwanza kukauka kabisa. Hapo penseli inaweza kuchora mstari wa upeo, halafu dohani ya kiwanda, halafu mlima mweusi kando yake.

Tabaka hilo la chini ndilo linaloamua picha itaishi miaka mingapi. Mchoraji mwenye haraka, au asiye na fedha ya kopo la pili, hupaka mara moja tu. Mafuta ya rangi hupenya hadi kwenye nyuzi na kuzila polepole, na baada ya miaka ishirini au thelathini kitambaa hukatika kama jani kavu kikikunjwa. Rangi ya mafuta ya madukani, ile ya milango na madirisha, hung'aa siku ya kwanza, lakini ikikaa gizani hugeuka manjano, na kila kitambaa kinapolegea na kukaza kwa unyevu hupasuka. Ndiyo maana nyufa nyingi huenda sambamba na ukingo wa fremu. Wanaouza picha za kale hupenda kuziita nyufa hizo dalili ya uzee. Ni dalili ya kopo la bei nafuu.

Naanzia kwenye kitambaa kwa sababu uchumi wote wa sanaa hii umo mle. Wachoraji wa Lubumbashi na miji ya migodi ya Likasi na Kolwezi, huko Katanga, kusini mwa Kongo, katika miaka ya 1960 na 1970, hawakuwa wakichora kwa ajili ya makumbusho. Walichora picha za kadiri ya sentimita 40 kwa 60, wakazibeba kwapani, wakapita nazo nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Katuba, Kamalondo na Kenya (ndiyo, Lubumbashi ina Kenya yake). Aliyenunua alikuwa karani, fundi, mwalimu au dereva wa garimoshi, na picha ilikwenda kuning'inia sebuleni, juu ya viti, pale wageni wanapoangalia kwanza. Bei ilibidi itoshe kwenye mshahara wa mwezi na kubakiza. Ndiyo sababu ya mfuko wa unga badala ya turubai la duka la vifaa vya sanaa. Ndiyo pia sababu ya picha ile ile kurudiwa mara kumi na mchoraji yule yule. Aliyeagizwa dohani alichora dohani, na jirani aliyeiona akaagiza yake.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha chuo kikuu Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na Ilona Szombati-Fabian, waliwauliza wachoraji na wanunuzi picha hizi ni za nini. Walijibiwa kwa Kiswahili cha Katanga neno moja: ukumbusho. Neno hili linahitaji kuangaliwa polepole. Kumbukumbu ni kitu ulichonacho, kimetulia. Ukumbusho unatokana na kitenzi cha kumkumbusha mtu, na anayekumbushwa anatakiwa afanye jambo: afikiri, asimulie, alipe deni, aone haya. Picha ya ukumbusho ambayo haimfanyi mgeni aulize swali imeshindwa kazi, hata kama imechorwa kwa mkono mwepesi.

Picha zenyewe zilipangwa kwa mafungu ambayo kila mnunuzi aliyajua. Kulikuwa na vitu vya bankambo, yaani maisha ya mababu kabla ya Wazungu. Kulikuwa na mamba muntu, mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, anayempa mwanamume mali kwa sharti la siri, na gharama ya siri hiyo mara nyingi ni uhai wa ndugu. Kulikuwa na kiwanda chenyewe, dohani na moshi wake. Na kulikuwa na ile iitwayo Colonie belge, yaani koloni la Wabelgiji: ua wa gereza, bendera, mfungwa amelazwa chini kifudifudi, askari mweusi ameinua kiboko, Mzungu mwenye kofia anasimamia, na pembeni wanawake wamebeba chakula. Kiswahili hapa kimehifadhi historia bila kuombwa: mnyama, ngozi yake, na mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi hiyo, vyote ni kiboko.

Watu waliitundika picha ya kuchapwa viboko sebuleni, mahali pa kulia chakula, zaidi ya miaka kumi baada ya uhuru. Sidhani ilikuwa kwa ajili ya kuwalaani Wabelgiji. Katika Zaire ya Mobutu, kama Kongo ilivyoitwa enzi hizo, askari mweusi aliyeinua mkono alikuwa habari ya leo, na tarehe ya kikoloni iliyoandikwa chini ya picha ilikuwa pazia linalomlinda mwenye nyumba.

Kampuni iliyolipa mishahara hiyo yote ilianza mwaka 1906 kwa jina la Union Minière du Haut-Katanga. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mji ukaanzishwa mwaka huo huo kwa jina la Élisabethville, na tanuri la kwanza likamwaga shaba mwaka 1911. Mwanzoni wafanyakazi walichukuliwa kwa mikataba mifupi kutoka mbali, wakafa kwa wingi, waliosalia wakatoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mbinu, ikaanza kumtaka mfanyakazi akae, aje na mke, azae. Ikajenga nyumba za kambi, shule, zahanati, vituo vya kupima uzito wa watoto, viwanja vya mpira. Ikagawa posho.

Posho ni neno lililosafiri. Uganda ni ugali wenyewe. Kenya utalisikia kwenye mashine ya kusaga mahindi. Tanzania ni bahasha ya mkutano. Kwenye kambi za Katanga ilikuwa mgawo wa chakula uliotolewa na kampuni kwa mfanyakazi, mkewe na watoto, na kwa hiyo ilikuwa pia rungu, maana aliyefukuzwa kazi alifukuzwa pamoja na chungu chake. Watu walisema kampuni njo baba, njo mama, yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Msemo huu hunukuliwa sana kana kwamba ulikuwa shukrani tupu. Mzazi wa namna hii anakulisha, anakupimia, anakuchagulia shule, na hakuulizi. Desemba 1941 wafanyakazi wa Lubumbashi walipogoma kudai nyongeza, kwa kuwa vita vilikuwa vimepandisha bei za kila kitu, askari waliwafyatulia risasi uwanjani. Hesabu za serikali zilitaja makumi ya waliokufa, na simulizi za mji zinataja zaidi ya 100.

Tarehe 1 Januari 1967 Mobutu aliitaifisha kampuni, na baada ya kubadilishwa majina kidogo ikawa Gécamines. Kuanzia mwaka 1971 hata mkoa uliitwa Shaba. Fikiria kukaa katika mkoa ulioitwa kwa jina la bidhaa, kwa lugha unayoiongea nyumbani, na bado bei ya bidhaa hiyo inapangwa London.

Anguko lilikuja kwa vipande, na ni kosa kumpa mtu mmoja lawama yote. Bei ya shaba ilishuka vibaya baada ya 1974. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia fupi ya kwenda bandarini, shehena ikalazimika kuzunguka kusini kwa gharama kubwa. Vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vikawafukuza mafundi wa kigeni Kolwezi. Muda wote huo serikali ilichota fedha za mauzo bila kurudisha za vipuri. Mgodi hauna huruma na mwenye kuahirisha matengenezo: pampu isiyobadilishwa leo ni handaki lililojaa maji mwakani. Uzalishaji bado ulikuwa karibu tani 470,000 katikati ya miaka ya 1980. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, uliokuwa moyo wa Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1991 yakaja maporomoko ya aina nyingine, wanajeshi na raia wakipora maduka na karakana. Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa waliwageuzia kibao watu wenye asili ya Kasai, eneo jirani, ambao babu zao waliletwa na kampuni yenyewe, wakafukuzwa nyumba za kambi na kulundikana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja garimoshi lisilokuja. Kufikia katikati ya muongo ule uzalishaji ulikuwa kama tani 30,000. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655, karibu nusu ya waliokuwapo, walichukua malipo ya mara moja na kuondoka. Mpango uliitwa wa hiari. Mtu asiyelipwa mshahara kwa miezi mingi ana hiari ya namna gani, hilo waliliuliza wenyewe kwa miaka.

Sasa rudi kwenye sebule. Anayeandika kuhusu sanaa na kufa kwa viwanda huanza na msanii anayesimama nje, akitazama magofu kwa huruma. Lubumbashi haikuwa hivyo. Mchoraji na mnunuzi wote wawili waliishi kwa bomba lile lile la moshi. Mshahara ulipochelewa mwezi mmoja, picha haikununuliwa. Ulipochelewa mwaka, picha iliyokuwa ukutani ilitoka kwenda kuuzwa kwa mgeni pamoja na redio na kitanda. Sanaa iliyokuwa ikieleza maisha ya kiwanda ilikufa njaa pamoja na kiwanda, na nadhani hiyo ndiyo gharama ambayo hakuna picha inayoweza kuionyesha, kwa kuwa inaonekana tu kama nafasi tupu juu ya viti.

Tshibumba Kanda Matulu ndiye mfano mkali kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1947 mjini humo, akaishi kwa kuchora Colonie belge na picha nyingine zilizotoka haraka. Mwishoni mwa 1973 alikutana na Fabian, akamwambia kwamba yeye ni mwanahistoria na kwamba anaweza kuchora historia ya nchi nzima. Katika miezi iliyofuata alileta picha kwa mafungu, akisimulia kila moja kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti, mpaka zikatimia 101. Mgomo wa 1941 umo. Lumumba yumo, tena na tena. Maandishi yamechorwa juu ya picha kwa Kifaransa chenye tahajia yake mwenyewe, na ukisoma masimulizi ya Kiswahili pembeni unaona mahali ambapo maandishi yanasema jambo moja na mdomo unasema lingine. Mwenye kuitazama picha bila sauti anapata nusu.

Tazama pia namna alivyotumia muda wake. Mwenye mke na watoto hawezi kuchora picha 101 zisizofanana bila mtu wa kumlipa kwa kila moja, kwa sababu faida ya mchoraji wa nyumba kwa nyumba iko kwenye kurudia. Ukichora dohani ya kumi, mkono unajua njia, rangi zimeshachanganywa, kazi inaisha kwa siku. Picha mpya kabisa inadai kutunga, kufuta, kupoteza kitambaa. Sebule za Lubumbashi zingeweza kulipia ile ya kwanza lakini si ya pili. Historia ile kubwa ilipatikana kwa sababu mnunuzi wake alilipwa mshahara kutoka nje ya shaba. Leo iko Amsterdam, katika Wereldmuseum, makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum mpaka mwaka 2023. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, bila habari ya alikoishia.

Miaka hiyo hiyo ya 1980 fungu jipya likaenea kwenye kuta zilizobaki: inakale, maana yake imekwama. Mtu amepanda mti. Chini ya mti kuna simba. Juu kwenye tawi kuna nyoka. Tawi limeinama juu ya mto, na mtoni mamba amefungua kinywa. Hakuna kiwanda kwenye picha hii, hakuna meneja, hakuna Mobutu, hakuna hata nguo za kazi. Kila mnunuzi aliweza kumtaja simba wake. Ukiniuliza ni picha gani inayoeleza vizuri zaidi kuporomoka kwa mji wa migodi, nitaitaja hii kabla ya picha yoyote ya tanuri lililopata kutu. Kwa mtazamo wa ufundi pia ni werevu mtupu: viumbe wanne, mti mmoja, maji, rangi tano au sita, unaimaliza kabla ya jioni, na polisi hana cha kushika.

Kizazi kilichofuata kiliinua kamera. Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, kwa hiyo alikua wakati kampuni inakauka. Kazi yake ya 2006 iitwayo Mémoire (kumbukumbu) inachukua picha pana za rangi za karakana na matanuri yaliyoachwa, halafu inawaweka ndani yake watu waliokatwa kutoka picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe, nyingi zikitoka kwenye hifadhi ya kampuni: wakubwa wenye kofia ngumu nyeupe, wafanyakazi waliopangwa mstari, waliosimamishwa wapigwe picha bila kuulizwa. Mwaka 2007 ilimpatia tuzo Bamako, na mwaka 2010 ilionyeshwa New York.

Kubandika mtu wa 1930 kwenye gofu la 2005 ni kazi inayoonekana rahisi mpaka uijaribu. Anza na gofu. Picha pana haipigwi mara moja, inaungwa kwa vipande. Kamera ikae kwenye miguu mitatu, usawa uhakikishwe kwa kipimamaji, mwanga na rangi zifungwe kwa mkono ili kipande cha dirishani kisitoke cheusi na cha kona kisitoke cheupe. Kila kipande kifunike theluthi ya kile kilichotangulia. Kamera izunguke juu ya lenzi yake, si juu ya mwili wake, la sivyo nguzo zilizo karibu zitatoka mara mbili mahali pa kuungia. Kiwanda kimejaa nguzo, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Kisha watu. Tuseme picha ya hifadhini ina mtu mwenye urefu wa sentimita 5. Ukiiskani kwa nukta 1200 kwa inchi, mtu huyo anapata pikseli kama 2,360 kutoka unyayo hadi utosi. Ukichapa kwa nukta 240 kwa inchi, hawezi kuzidi sentimita 25 bila kuanza kuvunjika. Ukitaka awe mkubwa kuliko hapo, ongeza nukta za skana, ila kumbuka kuwa baada ya kiwango fulani unaskani chengachenga za filamu, si sura. Kukata pembezoni kufanywe kwa mstari unaochorwa nukta kwa nukta, si kwa kifutio cha haraka, kwa kuwa picha za zamani zina ukungu kwenye nywele na pindo za nguo, na mkasi mkali unamgeuza mtu kuwa kikaragosi cha karatasi.

Kosa kubwa kuliko yote ni urefu wa macho. Kamera ikiwa mita 1.6 kutoka ardhini, mstari wa upeo unapita kwenye macho ya kila mtu mzima ambaye macho yake yako kimo hicho, aliyesimama kwenye sakafu hiyo hiyo, awe karibu au mbali. Wapigapicha wengi wa kikoloni waliinamia sanduku la kamera lililokuwa kiunoni, kwa hiyo upeo wao uko chini. Ukimbandika mtu huyo bila kusahihisha, ataelea, au ataonekana jitu. Ama upige gofu kutoka kiunoni vilevile, ama umshushe mtu mpaka miguu ikae inapostahili na ukubali kwamba atakuwa mdogo. Baada ya hapo ni kivuli. Mtu aliyepigwa picha saa sita mchana ana kivuli chini ya nyayo, na gofu lililopigwa jioni lina vivuli vya mita tatu.

Haya ni mambo ya kila fundi wa picha za kuunga. Jambo ambalo Baloji alilifanya ni kukataa hatua ya mwisho, ile ya kuficha. Watu wake wamebaki wa kijivu ndani ya rangi. Mshono unaonekana, na unatakiwa uonekane: hawa hawakuwahi kuwa hapa pamoja na kutu hii, ila kutu hii ni ya kwao.

Linganisha na Detroit, mji wa viwanda vya magari wa Marekani ambao picha zake za magofu zimezunguka dunia. Ulikuwa na watu 1,849,568 kwenye sensa ya 1950, na 639,111 ile ya 2020. Stesheni kuu ilifungwa mwaka 1988, na kwa miaka thelathini kila mwenye kamera nzuri alikwenda kupiga dari lake lililovunjika. Mji mwenyewe umezichoka picha hizo, na nina sababu ya kukubaliana nao: hazina mtu. Watu zaidi ya laki sita wanaishi pale, na fremu imewangoja waondoke. Mtaani, msanii Tyree Guyton alikuwa ameanza mwaka 1986 kufunika nyumba tupu za barabara ya Heidelberg kwa madoa ya rangi, midoli na viatu, na manispaa ikaleta tingatinga mwaka 1991 na tena 1999. Ile ni kazi ya ukumbusho kwa maana ya Katanga kabisa. Ilimsumbua mtu mpaka akafanya jambo, hata kama jambo lenyewe lilikuwa kubomoa.

Mwaka 2013 Baloji alirudi kwenye ramani ya mji wake. Alipanga picha za angani za Lubumbashi kwa zamu na picha za nzi na mbu waliochomwa pini kwenye masanduku ya makumbusho. Kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika wakoloni waliacha ukanda mtupu wa mita 500 hivi, kwa hoja kwamba mbu haruki mbali kuliko hapo. Ipo pia picha ya hifadhini ya wafanyakazi na nzi waliowakusanya, kwa sababu ili upate posho ya siku ulitakiwa ulete nzi 50. Ukijua hilo, huwezi tena kuitazama ile kazi kama jiometri nzuri. Nzi hamsini ni kazi ya muda mrefu kwa mtu aliyetoka zamu.

Lubumbashi sasa ina maonyesho yake ya kila miaka miwili, yaliyoanzishwa mwaka 2008 na kikundi kiitwacho Picha, Baloji akiwa mmoja wa waasisi. Jina hilo silihitaji kulifafanua. Ni jambo kubwa, kwa kuwa kazi zinaonekana mjini kabla au baada ya kuonekana Ulaya. Lakini sebule haijarudi. Picha kubwa iliyochapwa kwa wino wa kudumu kwenye karatasi ya pamba inanunuliwa na taasisi, na bei yake haijawahi kukusudiwa kutosha kwenye mshahara wa fundi wa umeme.

Na shaba haijaisha, jambo ambalo wasomaji wengi wa mbali hulikosa. Kongo leo inatoa zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka, zaidi ya mara sita ya kilele cha Gécamines, kupitia kampuni za kigeni na wachimbaji wadogo wanaoshuka na kamba. Hata ule mlima mweusi kando ya dohani, mavi ya shaba ya miaka mingi, uligeuka mgodi: matanuri ya zamani yalishindwa kutoa kobalti, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabaki hayo yalianza kupitishwa tena kwenye tanuri la umeme. Kilichoanguka ni mpango wa mshahara, nyumba, zahanati na posho. Msanii anayechora tu mashine zilizooza anasimulia kifo cha chuma ambacho hakijafa.

Kwa walio na picha hizi za mfuko nyumbani, na zipo zilizosambaa Ndola, Brussels na kwingineko pamoja na familia zilizohama: usizikunje. Ukilazimika kuivua kwenye fremu, izungushie bomba la kipenyo kisichopungua sentimita 10, upande wa rangi ukiwa nje, kwa sababu rangi ikivutwa inapasuka nyufa zinazojifunga tena ukiitandaza, lakini ikibanwa ndani inamenyeka na kudondoka. Weka karatasi isiyo na asidi katikati, si gazeti, si nailoni. Ukungu hupenda wanga na gundi ya tabaka la chini, na unaanza unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 au 70, kwa hiyo usitundike ukuta wa bafu wala wa nje unaonyeshewa. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya manyoya. Maji hapana, hata kitambaa chenye unyevu hapana: chini ya rangi ile kuna rangi ya ukutani inayolainika ikilowa.

Na uandike nyuma. Makumbusho yanaandika jina la mchoraji na jina la aliyekusanya. Hayana mahali pa kuandika aliyeinunua kwanza. Andika alikuwa nani katika familia, alifanya kazi gani, karakana ipi, mwaka gani aliileta nyumbani na ilining'inia chumba gani. Tumia penseli laini, 2B au zaidi, kwenye ukingo uliokunjwa juu ya mbao, si kalamu ya wino: wino unapenya pamba na baada ya miaka michache unatokea mbele, katikati ya moshi.